Cheni za Msumeno wa Injini: Ipi kwa Msindano, Ipi kwa Mvule, na Ipi kwa Kupasua Mbao

Katika maduka mengi ya vipuri vya misumeno pale Mafinga, ukiomba cheni, swali la kwanza na mara nyingi la mwisho utakaloulizwa ni inchi ngapi. Ukijibu ishirini au ishirini na tano, muuzaji atashusha boksi, atataja bei, na biashara itakuwa imekwisha kabla hajajua kama unakwenda kuangusha misindano Sao Hill, kukata kuni za mikaratusi iliyoburutwa kwenye udongo mwekundu, au kupasua gogo la mvule lililolala porini misimu miwili. Nami nilinunua kwa mtindo huo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, nikiamini kwamba ubora wa kazi unatoka kwenye injini na kwamba cheni ni cheni. Maoni haya ni juu ya aina za cheni nilizozifunga kwenye msumeno mmoja, Stihl MS 382 wenye injini ya cc 72, nikiwa Mufindi kwa kazi ya mashamba ya miti na mara kadhaa pwani kwa kazi ya minazi na miembe. Kwa kuwa msumeno ulikuwa uleule na mikono ileile, tofauti niliyoiona ilitoka kwenye cheni.

Huku kwetu msumeno huu huitwa chensoo, na ndugu zetu wa Kenya huuita pawa. Kile chuma bapa kirefu ambacho cheni hukizunguka nitakiita upanga. Kile kinundu kidogo kilicho mbele ya kila jino, ambacho kazi yake ni kuamua jino lizame kiasi gani kwenye mti, nitakiita kinundu tu, maana sijasikia fundi akikiita kwa jina zuri zaidi.

Kabla ya kufika kwenye aina za meno, kuna vipimo vitatu ambavyo havina mjadala, na cheni isiyolingana navyo ni hasara hata ikiwa nzuri kiasi gani. Cha kwanza ni pichi, yaani umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana ukiugawa kwa mbili. Misumeno ya kati na mikubwa hutumia zaidi inchi 3/8, mingine midogo hutumia .325, na ile mikubwa sana kama Stihl 070 ya zamani hutumia .404. Ukiwa na rula tu dukani, pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu: ukipata milimita 19 kamili au punde tu zaidi, hiyo ni 3/8. Cha pili ni geji, unene wa vile vijino vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa upanga, ambao unaweza kuwa milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni idadi ya vijino hivyo vya chini, na hapo ndipo neno inchi linapodanganya, kwa sababu upanga wa inchi 20 wa kampuni moja hauchukui lazima idadi ileile na upanga wa inchi 20 wa kampuni nyingine. Wangu wa inchi 20 unachukua 72 na ule wa inchi 25 unachukua 84. Namba hizo nimezichora kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha boksi la spana, na sasa nikiwa dukani sitaji inchi kabisa.

Geji ndiyo iliyonifunza adabu. Msumeno wangu unatumia 1.6, lakini cheni nyingi za 3/8 zinazotengenezwa kwa ajili ya misumeno ya Husqvarna ni 1.5, na zote mbili huning'inia kwenye msumari mmoja dukani zikifanana kama mapacha. Siku moja nilirudi kambini na ya 1.5. Iliingia kwenye mfereji bila ubishi, tena ilizunguka kwa wepesi ulionifurahisha, lakini kufikia gogo la tatu mkato ulianza kupinda kama mkia wa mbuzi. Nikadhani meno ya upande mmoja yamekuwa butu. Nikanoa mchana kutwa, na mkato ukaendelea kupinda, mpaka mzee mmoja wa kambi aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi akaja, akaishika cheni kwa vidole viwili, akaitikisa kulia na kushoto, nayo ikacheza ndani ya mfereji kama jino bovu. “Kijana wangu,” akasema, “hiyo imevaa viatu vya kaka yake.” Tangu siku hiyo huangalia kwanza namba iliyogongwa kwenye kijino cha chini. Kwa cheni za Stihl, 6 maana yake ni 1.6, na hakuna haja ya kubishana na mtu.

Sasa tuje kwenye meno yenyewe. Cheni za mwanzo zilikuwa na meno yaliyosimama wima kama ya msumeno wa mkono, yakikwaruza mti badala ya kuuchonga. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mdudu akila kisiki, akaona kwamba anatafuna kwa kwenda kushoto kisha kulia, na hashindwi na nyuzi za mti ziwe zimelala vipi. Akatengeneza cheni yenye meno yaliyokunjwa kwa kupishana, moja kushoto na moja kulia, akaanza kuiuza mwaka 1947, na karibu kila cheni inayouzwa leo ni mtoto au mjukuu wa ile. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kile unachokinunua hasa: katika jino lililokunjwa hivyo, kazi kubwa hufanywa na pembe ile ambapo ubavu wa jino unakutana na paa lake, na umbo la pembe hiyo ndilo linalotenganisha cheni moja na nyingine.

Pembe ikiwa kali kama ya sanduku, jino hukata nyuzi kwa haraka na kutoa maranda makubwa. Kwa Stihl hii ni familia ya Rapid Super, na yangu ni 36 RS, ambapo 3 ni 3/8 na 6 ni geji ya 1.6, na kampuni ya cheni iitwayo Oregon wanayo 75LPX ya vipimo hivyohivyo. Kwenye msindano mbichi uliosimama, wenye gome safi na utomvu unaonukia, sijaona cheni inayoikaribia. Unaegemeza msumeno, unabana kidogo, na upanga unashuka wenyewe kwa uzito wake. Katika wiki ya kuangusha, ambapo siku nzima ni kukata shina, kupunguza matawi na kwenda mti unaofuata, nilikuwa nanoa wakati wa kujaza petroli tu, viharusi viwili vitatu kwa kila jino, na hiyo ilitosha. Kwa kazi hiyo ningeipa alama zote.

Lakini ipeleke cheni hiyohiyo kwenye gogo lililoburutwa na trekta kutoka bondeni hadi barabarani na utaona jinsi kitu kinavyoweza kuwa kizuri na kisifae. Udongo mwekundu hukauka kwenye nyufa za gome la mkaratusi na kuwa kama msasa. Pembe kali ni nyembamba kwa asili yake, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kulika, na ikishalika, jino zima huacha kukata hata kama sehemu nyingine bado ina makali. Dalili ni rahisi kuiona: maranda yanageuka unga, upanga unaanza kuhitaji kukandamizwa, na moshi unatoka ambao si wa injini. Niliwahi kunoa mara tatu kabla ya chakula cha mchana kwenye rundo moja la mikaratusi, na sikuona kosa la cheni wala la kiwanda. Lilikuwa kosa langu la kuipeleka mahali pasipo pake.

Kwa magogo ya namna hiyo nilifunga 36 RM, ya familia ya Rapid Micro, ambayo pembe yake imeviringishwa. Mwanzoni haivutii. Kwenye mti safi utahisi upole wake, na mtu aliyezoea RS atasema haina nguvu. Ila pembe ya mviringo ina nyama zaidi, mchanga huilamba polepole, na hata ikianza kuchoka huendelea kukata kwa unyonge badala ya kugoma. Kwenye rundo kama lile la mikaratusi ilinichukua mpaka alasiri kwa kunoa mara moja. Ukiweka pamoja dakika za kukata na dakika za kukaa juu ya kisiki na tupa mkononi, ile inayoitwa ya polepole ndiyo iliyomaliza kazi mapema. Pia husamehe mnoaji asiye na mkono thabiti, jambo ambalo lina thamani kubwa kambini, ambako msumeno mmoja hushikwa na watu watatu.

Pwani ndiko ilikonithibitishia zaidi. Mnazi unadharauliwa na wengi kwa sababu moyo wake ni laini, lakini ganda la nje la shina ni gumu, na kwa ujumla mbao zake hula makali haraka. Ongeza mchanga uliopeperushwa na upepo wa bahari ukajikita kwenye makovu ya makuti, na utaelewa kwa nini mafundi wa huko hutembea na tupa mfukoni. RM ilivumilia. Mitiki nayo ina chembe za silika ndani ya mbao zake, hivyo hata gogo lililooshwa likawa safi kama sahani bado litakula makali. Mvule una vituko vyake: ndani ya shina hujificha mawe ya kweli, chokaa iliyoganda pale mti ulipopata jeraha zamani, na mara nyingi mbao inayozunguka jiwe hilo huwa na rangi iliyokolea. Ukiona weusi usioueleza katikati ya mkato, legeza mkono. Mimi sikuulegeza siku ya kwanza, na meno kumi na mawili yalinyolewa vichwa kabla sijaachia kibati cha mafuta. Hakuna cheni ya kawaida inayoshinda jiwe, ila yale ya RM yalinoleka yakarudi kazini, na sidhani kama ya RS yangerudi.

Kupasua mbao ni somo peke yake, na hapa ndipo naona watu wakipoteza fedha nyingi zaidi bila kujua. Cheni inayouzwa madukani hunolewa kiwandani kwa pembe ya nyuzi 30 au karibu na hapo, kipimo kilichokusudiwa kwa kukata mti kwa kukingama. Ukiitumia kupasua gogo kwa urefu, kila jino linavuta upande wake kwa nguvu, msumeno unatetema, na uso wa mbao unatoka na mawimbi kama barabara ya vumbi iliyopitiwa na malori. Mnunuzi akiuona uso huo anashusha bei, na ana haki. Dawa ni cheni ya kupasulia, ambayo meno yake yamenolewa karibu kunyooka, kwa nyuzi 10 hivi. Ipo ya kiwandani, kwa mfano 72RD ya Oregon, lakini hiyo ni ya geji 1.3 na ingecheza kwenye mfereji wa upanga wangu, hivyo nilichofanya ni kuchukua RM iliyokwishazeeka nusu na kuibadilisha pembe taratibu kwa tupa, nikiinyoosha kidogo kila ninaponoa, mpaka baada ya minoo mitano au sita ikafika nyuzi 10. Matokeo yalinishangaza. Inakwenda polepole zaidi, hilo sitalificha, na injini inalalamika kwa sauti nzito, lakini mbao za mbili kwa sita zilitoka na uso ambao seremala aliupitisha randa mara mbili tu.

Hata hivyo, ni lazima mpasuaji ajue hesabu anayoilipa. Cheni ya 3/8 hula karibu milimita 9 kwa kila mkato. Ukipasua mbao za inchi mbili, kwa kila milimita 50 unazopata unageuza 9 kuwa unga, na ukipasua za inchi moja, zaidi ya robo ya gogo inabaki chini ya miguu yako, kabla hujahesabu mkono uliopinda. Kwa msindano wa kawaida mtu anaweza kuvumilia, lakini kwa mninga au mkongo wenye kibali halali cha uvunaji, ambao umelipiwa ushuru kwa kila mita ya ujazo, naona ni afadhali kulipa usafiri hadi kwenye mashine ya msumeno wa mkanda. Na mwenye msumeno wa injini ndogo asijaribu kupasua kabisa. Chini ya cc 70 utakuwa unaunguza pistoni kwa ajili ya mbao nne.

Aina nyingine nitazipitia kwa haraka. Cheni yenye meno machache, ambayo huruka nafasi kati ya jino na jino, inafaa kwa panga za sentimita 75 na kuendelea, kwa sababu hupunguzia injini mzigo na kuyapa maranda mahali pa kukaa. Kwa upanga mfupi inaruka-ruka tu. Cheni yenye ncha za kabaidi hukata mizizi yenye udongo na mbao zenye misumari kwa muda mrefu sana, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida na hainolewi kwa tupa, inahitaji jiwe la almasi, na ninakofanyia kazi hakuna fundi mwenye jiwe hilo, hivyo kwangu ingekuwa pambo. Kwa misumeno midogo ya nyumbani ipo 3/8 ya meno mafupi, ambayo mara nyingi huja na viungo vya kupunguza hatari ya upanga kurudi kwa kishindo usoni. Nawashauri wenye mashamba ya kahawa na migrevilea wasiidharau. Wasisahau tu kwamba, ingawa imeandikwa 3/8, haishikamani na gia ya 3/8 kubwa, yaani lile gurudumu la meno linalozungusha cheni.

Halafu kuna cheni ya bei ya kutupa. Niliinunua kwenye duka moja ambalo sitalitaja, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki usio na jina la kiwanda, kwa bei iliyokuwa chini ya nusu ya ile niliyoizoea. Siku ya kwanza ilikata vizuri kiasi cha kunifanya nijione mjanja. Siku ya pili ililegea kila baada ya nusu saa, nikawa nakaza, inalegea, nakaza, mpaka skrubu ya kukazia ikafika mwisho wa njia yake kabla jino halijalika hata robo. Ribiti zake zilikuwa laini, hivyo cheni ilirefuka kama mpira, na kwa kuwa ribiti zilizoachana hazilingani tena na meno ya gia, gia nayo ikaliwa. Nilichookoa kwenye cheni nikakilipa kwenye gia, na juu yake nikapoteza siku mbili.

Gharama ya cheni haiishii kwenye boksi, na ukinunua cheni bila tupa yake umenunua nusu. Kwa 3/8 ya Stihl tupa ya mviringo ni milimita 5.2, kwa .325 ni 4.8, na kwa ile 3/8 ya meno mafupi ni 4.0. Tupa nene kuliko inavyotakiwa hupanda juu na kulifanya jino liteleze, nyembamba huchimba shimo chini yake na kuliacha dhaifu. Kinundu kinapaswa kuwa chini ya jino kwa takriban milimita 0.65, na kwa kuwa kila unaponoa jino hushuka, kinundu nacho kinahitaji kushushwa mara kwa mara kwa tupa bapa, kwa kipimo, si kwa jicho. Vijana wengi hukishusha sana ili msumeno ule kwa pupa, na ndiyo sababu utasikia msumeno ukidunda kwenye gogo na kumtupa mshikaji. Kuhusu oili ya cheni, najua wengi tunatumia oili chafu iliyotolewa kwenye magari kwa kuwa ni rahisi, nami nimeitumia. Ina chembe za chuma zinazokula pampu na mfereji wa upanga, na baada ya kubadilisha upanga mmoja kabla ya wakati wake niliacha.

Ningekuwa naanza upya na nina fedha ya cheni mbili tu kwa msumeno wa cc 70 hivi, ningenunua zote mbili za pembe ya mviringo, moja ya kukatia na nyingine ya kuigeuza polepole kuwa ya kupasulia, na ningeziweka kwa zamu ili zizeeke pamoja na gia, ambayo hubadilishwa kila baada ya cheni mbili. RS ningeinunua ya tatu, baada ya kupata mkataba wa kuangusha misindano iliyosimama, na ningeificha mahali ambapo mtu wa kukata kuni za jikoni hataiona.